Lugha Iliyopatikana Njiani: Wapagazi wa Unyamwezi na Masharti ya Kujifunza Lugha bila Darasa

Ofisa anayesubiri posho ya kikao, mfanyabiashara anayekataa kutoa hongo na mfungwa anayemwogopa mnyapara wanatumia maneno ya njia moja, ile ya misafara ya Unyamwezi. Posho ilikuwa chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichogawiwa mpagazi msafara ukiwa safarini. Hongo ilikuwa ushuru waliotoza watemi, hasa wa Ugogo, msafara ulipopita katika nchi yao. Mnyapara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, na neno lake lina asili ya Kinyamwezi. Kwa hiyo njiani kulikuwa na kupeana: Mnyamwezi aliondoka Bagamoyo na Kiswahili kichwani, na Kiswahili nacho kikabaki na maneno ya Mnyamwezi.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu mjadala wetu kuhusu kujifunza lugha ya kigeni umezoea kuanzia ng'ambo. Tunasoma habari za madarasa ya Kanada na za wahamiaji wa Ulaya, kisha tunatafuta namna ya kuzihamishia Nzega na Sikonge. Hapa kwetu, kwa muda wa karne nzima, watu wazima kwa maelfu walijifunza lugha ngeni bila mwalimu, bila kitabu na bila mtihani, wakaisambaza kutoka pwani hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hoja ya makala haya ni kwamba historia hiyo inathibitisha kwamba lugha hupatikana kwa kuishi ndani yake, lakini inathibitisha pia kwamba kuishi ndani ya lugha kuna masharti. Masharti hayo njia ya misafara ilikuwa nayo. Darasa letu la kidato cha kwanza, tunalodhani linafanya kazi ileile kwa Kiingereza, halina.

Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara Waarabu na Waswahili hawajajenga makazi ya kudumu Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 tangu waondoke pwani. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Tabora mwezi Juni. Tuchukue basi kwamba safari ya kwenda tu ilikuwa miezi mitatu au zaidi, mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani, akitembea na watu walewale, akila nao, akilala nao kambini. Kisha kulikuwa na kukaa pwani kungoja msafara wa kurudi. Burton aliandika kwamba upagazi ulihesabiwa na Wanyamwezi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba walionekana wakibeba pembe ndogo mabegani. Mtoto wa namna hiyo alikuwa na miaka 20 au 30 ya njia mbele yake. Wanawake nao walisafiri. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, ameonyesha kwamba walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara ya Wanyamwezi, si wasindikizaji wa bahati.

Kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Askofu Edward Steere, kilichowasaidia wageni wengi kutoka Ulaya, kilitoka mwaka 1870. Kufikia mwaka huo kizazi kizima cha wapagazi kilikuwa kimekwisha kuzungumza Kiswahili, kikastaafu na kurithiwa na kingine.

Walijifunzaje? Wapagazi hawakutuachia maandishi juu ya jambo hilo, lakini tunajua maisha ya kambini yalivyopangwa, na tunaweza kuchukua jambo moja dogo tukalitazama kwa karibu: ugawaji wa posho. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Kibaba kilikuwa cha namna mbili. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopangusiwa juu kikawa sawa na ukingo, na kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi nafaka ikasimama kama kichuguu. Mpagazi mgeni aliyetoka upande wa Nzega akiwa na maneno kumi tu ya Kiswahili alisimama mstarini na macho yake yakiwa kwenye kipimo. Alimsikia mgawaji akihesabu: kibaba kimoja, vibaba viwili, vibaba vitatu. Alisikia wenzake wakilalamika kwamba hiki ni cha mfuto na walikubaliana cha tele. Aliona mkono ukipangusa, akaona nafaka ikimwagika kurudi guniani, na tumbo lake lilijua tofauti ya maneno hayo mawili kabla akili haijamaliza kuyapanga. Kesho yake akasikia yaleyale, na keshokutwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ngeli ya KI-VI. Lakini baada ya mwezi mmoja asingeweza kusema "kibaba mbili" bila sikio lake mwenyewe kukataa.

Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 kinanukuliwa mno katika uwanja huu, angeupokea mfano huo kwa furaha. Kwake yeye, kujifunza kanuni za lugha ni jambo moja, kuipata lugha ni jambo lingine, na lugha hupatikana pale mtu anapoelewa ujumbe uliomzidi kidogo. Ingizo linaloeleweka ndilo chakula. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na kibaba kinaonyesha kwa nini: neno lilikuja likiwa limefungwa kwenye kitu kinachoonekana, kinachorudiwa, na kinachomhusu msikilizaji. Lakini msisitizo uko kwenye neno "linaloeleweka", nasi tunapomtaja Krashen tunapenda kubaki na neno "ingizo" tu. Kelele za lugha usiyoielewa hazifundishi kitu, hata zikiwa za saa nane kwa siku.

Tena njia ilidai zaidi ya kusikiliza. Mpagazi wa Unyamwezi hakuwa chombo cha kubebea mzigo. Alipatana mshahara kwa vitambaa na shanga, alijua vitambaa vya merikani na kaniki vinavyotofautiana kwa thamani, na alipoona anaonewa aligoma pamoja na wenzake. Mambo haya yote ni ya mdomo. Mtu hawezi kudai doti mbili za kitambaa badala ya moja kwa kusikiliza. Lazima aseme, asipoeleweka aseme tena kwa namna nyingine, na mwenzake, ambaye bila mabega yake pembe zitabaki porini, lazima ajitahidi kumwelewa. Merrill Swain alipowachunguza wanafunzi wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa aliona kwamba kusikia kwao kulikuwa kuzuri sana, ila kusema kwao kulibaki na makosa ambayo miaka ya kusikiliza haikuyaondoa. Akahitimisha mwaka 1985 kwamba mtu husukumwa mbele na haja ya kusema akaeleweka. Njia ya Tabora ilisukuma hivyo kila jioni.

Hapa msomaji makini atakuwa na pingamizi, nami nalichukulia kwa uzito. Kinyamwezi na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Mnyamwezi anayesema munhu na banhu hashangazwi na mtu na watu. Anayehesabu kwa -bili, -datu na -taano hahitaji darasa kwa mbili, tatu na tano. Kitenzi kinabeba kiambishi cha mtenda na cha wakati katika lugha zote mbili, na wazo lenyewe kwamba nomino ina kundi lake linaloamuru kivumishi na kitenzi lilikuwa damuni mwake tangu utoto. Je, si undugu huu uliofanya kazi, badala ya njia?

Undugu ulisaidia sana. Atakayesema kwamba kijana wa Nzega anaweza kupata Kiingereza kwa wepisi kama babu yake alivyopata Kiswahili anajidanganya, na anamdanganya kijana. Lakini undugu hauelezi yote, na mtu wa kutuonyesha hilo alipita Tabora zaidi ya mara moja: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akaishi huko miaka mingi mpaka alipopata uhuru bwana wake alipofariki. Alirudi Afrika Mashariki akiwa na Kihindustani, lugha isiyo na undugu wowote na Kiyao. Speke, ambaye hakujua Kiswahili wala Kiarabu, alizungumza naye kwa lugha hiyo. Mwaka 1858 walipoondoka Kazeh kwenda kaskazini hadi Speke akaliona ziwa ambalo wenyeji wake walikuwa na majina yao kwalo, maneno yote kati ya Mwingereza huyo na watu wa njiani yalipita katika kichwa cha Bombay, kutoka Kihindustani kwenda Kiswahili na kurudi. Miaka, utoto na kukosa njia nyingine ya kuishi vilifanya kazi ambayo undugu wa lugha haukuifanya.

Habari za Bombay hazipaswi kusimuliwa kwa wepisi. Alijifunza Kihindustani akiwa mtumwa. Njia ileile iliyopitisha wapagazi wa kujiajiri ilipitisha watu waliofungwa shingo, na wengi wao walijifunza Kiswahili kwa sababu aliyewamiliki hakuwa na sababu ya kujifunza lugha yao. Tunaposifu watu "kuzamishwa" katika lugha, tukumbuke kwamba lugha nyingi zimeingia vichwani mwa watu kwa nguvu, na kwamba kufaulu kwa mbinu si ushahidi wa wema wake. Mnyamwezi aliyejiajiri na mtoto aliyetekwa walipata lugha wote wawili. Mmoja alirudi kwao na lugha ya pili, mwingine mara nyingi alipoteza ya kwanza.

Tabora yenyewe ilikuwa na namna ya tatu, ya nyumbani. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliishi Unyanyembe na kumwoa binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa za namna hiyo zilifunga mikataba ya biashara, lakini zilizaa pia nyumba ambamo lugha mbili zilipokezana chungu kimoja. Na lugha iliyokwisha kupatikana ilisafiri zaidi. Msiri, aliyetoka upande huu wa magharibi mwa Tanzania akaanzisha dola ya Wayeke huko Bunkeya, Katanga, na kutawala hadi alipouawa mwaka 1891, ni alama ya jinsi watu wa njia walivyozisukuma lugha zao hadi mbali sana na pwani.

Sasa, Kiswahili hicho kilikuwa cha namna gani? Watetezi wa kujifunza bila darasa wanapaswa kulijibu swali hili waziwazi, na mara nyingi hawalijibu. Wolfgang Klein na Clive Perdue, baada ya mradi mrefu wa kuwafuatilia wahamiaji wazima katika nchi tano za Ulaya, walieleza mwaka 1997 kwamba mtu anayejifunza lugha kazini na mitaani hufika mahali ambapo anaeleweka vizuri kwa maneno machache na sarufi nyepesi, na wengi hukaa hapohapo. Richard Schmidt mwaka 1983 alimweleza msanii Mjapani aliyeishi Hawaii, mchangamfu, mwenye marafiki wengi, aliyewasiliana kwa Kiingereza bila shida, ambaye sarufi yake haikusogea kwa miaka. Kiswahili cha barani nacho, hasa kadiri kilivyosogea magharibi kuingia Kongo, kilipunguza upatanisho wa ngeli ambao mtu wa Unguja anauona kuwa ndio Kiswahili chenyewe. Njia ilifundisha kiasi ilichohitaji. Aliyehitaji zaidi, kama vile kutunga utenzi au kuandika barua kwa hati za Kiarabu, alikwenda kwa mwalimu, na hakukuwa na aibu katika hilo.

Siuoni upungufu huo kuwa kasoro ya wapagazi. Naona unatupa kipimo cha haki: kuishi ndani ya lugha humpa mtu masikio, wepisi wa ulimi na ujasiri wa kuingia katika mazungumzo, na humwachia mwalimu kazi ya usahihi na maandishi. Mwalimu anayempokea mtu mwenye masikio tayari ana kazi tamu. Anayempokea mtu asiye nayo, akalazimika kuanza na usahihi, ana kazi ya kujaza maji kwenye pakacha.

Hiyo ndiyo hali ya kidato cha kwanza. Mtoto wa shule ya serikali husoma elimu yake ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine, kisha siku moja biolojia, jiografia na fizikia zinageuka kuwa za Kiingereza zote kwa pamoja. Utetezi unaosikika sana ni kwamba mtoto azamishwe, atazoea. Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kuwa lugha ya kufundishia hadi sekondari, lakini haikufuatwa. Criper na Dodd, waliotumwa kupima hali halisi, waliripoti mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea masomo mengine. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amerudia kwa miaka mingi kwamba kuifundisha lugha na kufundisha kwa lugha ni mambo mawili tofauti. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini watu walibaki wamesimama kizingitini mwake.

Mtoto huyo tumlinganishe na mpagazi. Mpagazi alikiona kibaba. Mwanafunzi anasikia neno la Kiingereza kuhusu chembe hai ambayo hajawahi kuiona, likielezwa kwa maneno mengine ambayo pia hayajui. Mpagazi alikuwa na mtu aliyehitaji jibu lake. Mwanafunzi ananakili ubaoni, na mwalimu, ambaye mara nyingi naye alipita njia hiyohiyo, hana nafasi ya kungoja sentensi iliyovunjika ya watoto 60 au zaidi. Mpagazi alivunja lugha jioni nzima na hakuna aliyemwadhibu kwa kuivunja. Mimi nilisoma shule ambayo aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa kibao cha mti shingoni mpaka ampate mwingine wa kumvika. Nilikivaa siku mbili mfululizo. Siku hizo mbili sikujifunza neno lolote la Kiingereza. Nilijifunza kunyamaza, na kusikiliza midomo ya wenzangu kwa nia ya kuwakamata. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu ya aina hiyo katika Kenya ya utoto wake, na inanisikitisha kwamba aliyoyaandika mwaka 1986 juu ya ukoloni yalikuwa yakiendelea kwetu chini ya bendera yetu.

Wanaotaja madarasa ya Kanada kama ushahidi wa upande wao husahau yalivyoanza. Mwaka 1965 wazazi wanaosema Kiingereza huko St. Lambert, Quebec, waliomba wenyewe watoto wao wafundishwe kwa Kifaransa. Watoto walianza wakiwa wadogo kabisa, wote wakiwa hawajui kitu, kwa hiyo mwalimu alilazimika kusema kwa namna ya kueleweka. Mwalimu huyo alielewa Kiingereza chao walipokwama. Na lugha yao ya nyumbani ilikuwa na heshima mitaani, haikufukuzwa na mtu. Walitiwa majini penye kina cha magoti, mkono ukiwa karibu. Sisi tunamsukuma kijana wa miaka 14 mahali penye kina kirefu, tukiwa tumesimama ukingoni na fimbo.

Ninachopendekeza si kuacha Kiingereza. Napendekeza tukifundishe kwa namna ambayo watu wa njia wangeitambua. Masomo yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaelewa, kisha saa za Kiingereza zijazwe Kiingereza kinachoeleweka: hadithi nyepesi kwa wingi, za kusomwa kwa raha na si kwa maswali kumi mwishoni, redio na rekodi, mapishi, ushonaji na michezo vikifanywa kwa Kiingereza vitu vikiwa mikononi. Vitabu vidogo vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi viliwahi kupelekwa katika sekondari zetu mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na wazo lile lilikuwa sahihi. Lilihitaji miongo, likapewa muda wa mradi.

Tunahitaji pia kutazama watoto wanavyojifunza pale ambapo hatuwafundishi. Lusu, wilayani Nzega, ni mahali pazuri pa kuanzia. Watu wake walipakana kwa miaka na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa umefungwa. Kinyamwezi na Kisukuma vinazungumzwa majumbani, Kiswahili kiko shuleni, barabarani na mnadani. Uchunguzi wa mtoto anayepita kati ya lugha hizo kwa siku moja ungetufaa kuliko semina nyingi.

Nilisimama mnadani upande huo, nikisubiri gari, karibu na binti wa miaka sita hivi aliyekuwa akimsaidia mama yake kuuza karanga. Mnunuzi wa ng'ombe, mgeni kwa lafudhi yake, aliinama akaonyesha kikombe. "Jaza, jaza kabisa." Binti akajaza hadi ukingoni, akamtazama. Ni wazi "kabisa" ilikuwa imempita. Yule bwana akakunja kiganja chake kikawa kama kilima juu ya kikombe, akarudia, "Kabisa." Binti akaongeza, akaongeza tena, karanga mbili zikaanguka, wote wawili wakaziokota. Mama hakusema neno. Mteja wa pili alipofika, mwanamke mwenye kitenge, binti akashika kikombe na kumwuliza kabla hajaulizwa: "Shikamoo mama. Nijaze kabisa?"